Miaka miwili nyumbani: sheria ya viza ya J-1 ilitoka wapi, na inamsaidia nani?

Kila mgomo wa madaktari ukianza, kila ripoti ya wauguzi wanaohama ikitoka, hoja ni ile ile hapa mtandaoni. Upande mmoja: "Waliosomeshwa nje walazimishwe kurudi!" Upande wa pili: "Warudi wafanye nini?" Halafu lazima atokee mmoja wa kusema, "Hata Marekani yenyewe inawarudisha watu. Miaka miwili, hakuna mchezo." Hapo mjadala unaharibika. Nusu ya wanaochangia hawajui hiyo sheria inasema nini, na ile nusu nyingine inaijua kwa sababu imewashika.

Basi leo tuongee kuhusu hiyo sheria. Ninasoma sayansi ya siasa, si wakili, kwa hivyo huu si ushauri wa viza. Ni historia. Na kama kawaida ya hapa, sitaji mwanasiasa wala chama, wa huku ama wa kule.

Tuanze na yenyewe inasema nini. J-1 ni viza ya Marekani ya watu wa kubadilishana: wanafunzi wa ufadhili, watafiti, wahadhiri wageni, madaktari wanaosomea ubingwa, wanafunzi wanaoenda kufanya kazi kambini wakati wa likizo, mpaka wasichana wanaolea watoto kwenye familia za huko. Kifungu cha 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji kinasema kwamba baadhi ya hao, wakimaliza, wakae kwanza katika nchi yao jumla ya miaka miwili. Kabla ya hapo hawawezi kupata makazi ya kudumu, ile grinkadi, wala viza za kazi za H na L, wala ile ya K ya mchumba. Ukiwa na mume ama mke na watoto mliosafiri nao kwa J-2, nao wamefungwa pia.

Sasa sikia, nimesema BAADHI. Si kila mwenye J-1. Unafungwa kama masomo yako yalilipiwa na serikali ya Marekani ama serikali yako, hata kama ni sehemu tu ya pesa. Ama kama taaluma yako iko kwenye orodha ya ujuzi ambao nchi yako inasemekana kuuhitaji. Ama kama wewe ni daktari uliyeenda kwa mafunzo ya ubingwa. Yule kijana aliyeenda kambini miezi mitatu kufundisha watoto kuogelea, kwa kawaida haimhusu kabisa.

Pia haisemi usikanyage Marekani kwa miaka miwili. Unaweza kurudi kutembea, unaweza hata kurudi kusoma kwa viza ya F ukipewa. Ila siku unazokaa huko hazihesabiki. Na haisemi popote kwamba ukirudi nyumbani ufanye kazi. Inataka mwili wako uwe hapa. Shikilia hilo, tutalirudia.

Haya, historia.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, Marekani ilikuwa imeacha mali nyingi ya kijeshi kwenye nchi za watu: malori, mashine, vyakula. Kurudisha ni gharama, na wale waliotaka kununua hawakuwa na dola. Mwaka 1946 seneta mmoja akapitisha sheria kwamba hiyo mali iuzwe kwa pesa za nchi husika, na hizo pesa zigharamie masomo ya kubadilishana. Ndio mwanzo wa ufadhili wa Fulbright. Ukisikia mtu anaringa na Fulbright yake, mkumbushe chanzo ni masalio ya vita.

1948 ikaja sheria kubwa zaidi, ya habari na kubadilishana elimu. Lengo liliandikwa wazi: mataifa mengine yaielewe Marekani vizuri zaidi. Vita Baridi vilikuwa vinaanza, na wazo lilikuwa rahisi. Mlete kijana, aone, apende, kisha ARUDI akawaambie wenzake. Ukiwaza hivyo, anayebaki ni hasara. Pesa ya uenezi imetumika, na ujumbe haukufika kwao.

Na watu walibaki. Wengine walioa, wengine walipata kazi, wengine walitafuta hata mbunge wa kuwatungia mswada wa mtu mmoja ili wakubaliwe kukaa. Kwa hivyo tarehe 4 Juni 1956 bunge la Marekani likapitisha sheria fupi: aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana asipewe ukazi mpaka awe ameondoka na kuishi nje miaka miwili. Tena toleo la kwanza lilikuwa na mlango ambao wengi hawaujui. Haikuwa lazima iwe nchi yako. Ingeweza kuwa nchi nyingine yoyote inayoshirikiana kwenye mpango. Kama lengo lilikuwa kusaidia nchi maskini ipate wataalamu wake, ulegevu huo ungetoka wapi? Mimi naona dhamira ya kwanza ilikuwa kulinda mpango wenyewe, usigeuke kuwa njia ya mkato ya kuhamia. Hoja ya "tunawasaidia mpate wataalamu wenu" ilikuwepo, lakini nguvu yake ilikuja kuonekana baadaye.

Na hata hapo 1956 msamaha ulikuwepo tayari. Wa nani? Wa idara ya serikali ya Marekani ikisema inamhitaji huyo mtu. Yaani siku ya kwanza ya sheria, aliyepewa ufunguo wa kuifungua ni yeye mwenyewe aliyeifunga.

1961 wakakusanya mambo yote kwenye sheria moja mpya, na herufi J ikazaliwa hapo. Wakaongeza msamaha wa pili, kwamba kama mume, mke ama mtoto wako ni raia wa Marekani au mkazi wa kudumu, na kuondoka kwako kutamletea shida isiyo ya kawaida, unaweza kuachiliwa.

Hapa nataka tukae kidogo na wauguzi wa Ufilipino, kwa sababu bila wao huwezi kuelewa jinsi karatasi na maisha vilikuwa vitu viwili. Kati ya 1956 na 1969, zaidi ya wauguzi 11,000 kutoka Ufilipino waliingia Marekani kwa mpango huu wa kubadilishana. Kwenye karatasi walikuwa wanakwenda kujifunza mbinu mpya na kurudi nazo kwao. Kwenye wodi, hospitali nyingi ziliona wauguzi waliokwisha kufuzu wanaoweza kupangiwa zamu ngumu na kulipwa posho badala ya mshahara kamili, na ambao baada ya miaka miwili wangeondoka bila kudai chochote. Kubadilishana kwenyewe kulikuwa wapi?

Walirudi, wengi wao. Wakakuta mshahara wa Manila ni ule ule na wodi ni zile zile. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ilipobadilika 1965 na kufungulia mlango wataalamu wa Asia, waliokuwa wamemaliza miaka yao miwili wakafunga mizigo tena, safari hii kama wahamiaji. Na 1974 Ufilipino yenyewe ikaandika kwenye sheria yake ya kazi kwamba kupeleka wafanyakazi nje ni sera ya taifa. Nchi iliyokuwa ya "kurudishiwa wataalamu wake" ikaamua kuwauza rasmi. Ukisoma hayo ukiwa Nairobi leo, shingo inakupata baridi kidogo.

Miaka hiyo hiyo kwetu kulikuwa na zile ndege za wanafunzi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Amerika, na kufikia 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo, wengi wao Wakenya. Nauli zilichangwa na watu wa huku na wa kule. Viza zao zilikuwa za aina tofauti, kwa hivyo msije mkasema nimesema wote walikuwa J-1. Ninawataja kwa sababu wao walienda na ahadi bila kufungwa na mtu. Uhuru ulikuwa unakuja, afisi zilikuwa zinaachwa wazi na Waingereza, na kijana mwenye digrii alijua kuna kiti kinamsubiri. Wengi wakarudi kwa hiari na mbio.

Lakini hata hapo, kiti hakikusubiri kila mtu. Kuna binti wa Nyeri aliyeondoka 1960, akasoma biolojia huko Kansas, akafanya shahada ya pili Pittsburgh, akarudi mapema 1966 akiwa na barua ya kazi ya utafiti kutoka chuo kikuu chetu cha Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliamini sababu ni ukabila, na kwamba yeye ni mwanamke. Alipata kazi nyingine, akapata uzamifu 1971, wa kwanza kwa mwanamke katika Afrika Mashariki na Kati, na 2004 dunia nzima ikamjua kwa ile tuzo ya amani. Jina mnalo. Silitaji kwa sababu baadaye alikuwa mbunge, na kanuni ya hapa ni kanuni.

Namtaja kwa wale wanaopenda kuandika "wakirudi nchi itawapokea". Huyo alirudi na BARUA mkononi.

Tuendelee. 1970 ndio mwaka sheria ilipata sura tunayoijua. Mpaka hapo ilikuwa inamshika kila mwenye J, awe amelipiwa na serikali ama na baba yake. Malalamiko yalikuwa mengi: mbona umzuie mtu ambaye hakula pesa ya mtu? Tarehe 7 Aprili 1970 wakaipunguza. Ibaki kwa waliolipiwa na serikali, na kwa wenye ujuzi unaohitajika kwao. Ile ruhusa ya kukaa nchi ya tatu ikaondolewa, sasa ni nchi yako ya uraia ama ulikokuwa mkazi. Na misamaha miwili ikaongezwa. Wa kwanza, kama ukirudi utateswa kwa sababu ya rangi, dini ama maoni ya kisiasa. Wa pili ndio wa kuvutia zaidi: kama serikali yako itaandika kwamba haina pingamizi ukibaki.

Orodha ya kwanza ya ujuzi ikachapishwa 1972, nchi moja moja na taaluma zake. Ikarekebishwa 1984, 1997 na 2009. Fikiria hicho kitu. Afisi iliyoko Washington ina karatasi inayosema nchi gani inahitaji wahandisi, nchi gani inahitaji wataalamu wa kilimo. Halafu hiyo karatasi inakaa zaidi ya miaka kumi bila kuguswa, huku nchi zenyewe zinabadilika kila siku. Kuna watu walirudishwa nyumbani kwa ajili ya uhaba uliokuwa umeshaisha.

Desemba 2024 wakaipitia upya. Safari hii walitumia vipimo: uchumi wa nchi kwa kila mtu, ukubwa wa nchi, na kiwango cha watu wanaohama. Nchi nyingi zikaondolewa kabisa, zikiwemo China, India, Brazil, Korea Kusini na Afrika Kusini. Na waliokuwa wamefungwa kwa sababu ya orodha peke yake, hata miaka iliyopita, wakafunguliwa. Mtafiti wa India alilala akiwa na deni la miaka miwili, akaamka hana. Kwao hakuna bunge lililojadili hilo.

Nimewaacha madaktari mwisho makusudi.

1976 bunge la Marekani lilitangaza ndani ya sheria kwamba nchi haina tena upungufu wa madaktari. Kwa hivyo madaktari wa kigeni wakabanwa. Anayekuja kusomea ubingwa kwa J-1 amefungwa miaka miwili moja kwa moja, hata kama hakuna serikali iliyomlipia senti na hata kama nchi yake haimo kwenye orodha. Na ile barua ya "hatuna pingamizi" haimsaidii. Serikali yake ikiandika barua hata kumi, jibu ni hapana. Ukiambiwa sababu, utaambiwa nchi maskini zinahitaji madaktari wao. Ni kweli, zinawahitaji.

Lakini vijiji vya Marekani navyo vikakosa madaktari. Wahitimu wao hawataki kuishi mahali ambapo duka la karibu ni mwendo wa saa nzima kwa gari. 1994 seneta mmoja wa Dakota Kaskazini akapata suluhisho: kila jimbo liruhusiwe kuomba msamaha kwa madaktari 20 wa J-1 kwa mwaka, mradi daktari akubali kufanya kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba. 2002 wakafika 30 kwa kila jimbo. Zidisha mara majimbo 50 uone.

Angalia kilichotokea hapo. Miaka miwili aliyokuwa anaidaiwa na Kisumu ama Lagos ama Lahore imegeuzwa kuwa miaka mitatu anayoidaiwa na mji mdogo wa Marekani. Deni limehamishwa, na mwenye deni la kwanza hakuulizwa hata kwa barua pepe. Tena kumbuka tofauti ya masharti. Ya nyumbani yanataka mwili tu. Ya Dakota yanataka KAZI, kwa muda wote, kwenye kliniki iliyotajwa. Wamarekani wanajua vizuri sana namna ya kuandika sharti linaloleta huduma kwa mgonjwa. Wanaliandika wakati mgonjwa ni wao.

Siwalaumu sana. Kila bunge hutungia watu wake. Shida yangu iko hapa kwetu, kwa wanaoitaja hiyo sheria kama mfano wa kuigwa.

Ukisema "tufanye kama J-1", unasema turudishe watu bila kuwapangia kazi. Serikali yetu ina chombo chake cha zamani, bondi: mtumishi wa umma anayesomeshwa kwa pesa ya umma anatia sahihi kwamba atarudi kuhudumu miaka kadhaa. Bondi ina makosa yake, lakini angalau inataja kazi na mwajiri. Inaweka wajibu pande zote mbili. Ile ya miaka miwili haimwambii mwajiri yeyote wa Kenya afanye lolote.

Tukija kwa rekodi ya huyo mwajiri, tunaijua. Mgomo wa madaktari wa siku 100, kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, ulihusu mkataba uliotiwa sahihi na kuachwa. 2018 tukaleta madaktari 100 kutoka Cuba wakati madaktari wetu wengine walikuwa wanatafuta ajira. 2024 mgomo tena, siku 56, na moja ya hoja kuu ilikuwa posho ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema 206,000, serikali wakati huo ikasema 70,000. Huyo ndiye wa kumpokea aliyemaliza ubingwa wa moyo huko Ohio.

Na upande wa pili wa mdomo tunasema nini? Julai 2021 tulitia sahihi na Uingereza kupeleka wauguzi wasio na kazi. Septemba 2024 tukatia sahihi na Ujerumani kuhusu wafanyakazi. Pesa zinazotumwa nyumbani na Wakenya wa ng'ambo 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zaidi ya nusu zikitoka Marekani, na kila waziri wa fedha huzitaja kwa tabasamu. Jameni, hatuwezi kumwita mtu msaliti asubuhi kwa kubaki, na jioni tukahesabu pesa aliyotuma.

Najua jibu la haraka: "Basi waachwe tu, kila mtu na maisha yake." Hapana, hapo pia sikubaliani. Aliyesomeshwa kwa kodi ya mama anayeuza mboga Gikomba ana deni, na mimi niliyesoma kwa mkopo wa serikali siwezi kujifanya sioni. Ila deni hilo tulidai sisi wenyewe, kwa masharti yetu, na tuwe tumeandaa mahali pa kulipia. Tusimwachie ofisa wa viza wa nchi nyingine atudaie, kwa sababu historia ya kifungu hiki ni kwamba analegeza kamba anapotaka yeye.

Kuna swali moja ambalo sijawahi kuona likiulizwa kwenye mijadala yetu, na ni rahisi kuliko yote. Ile barua ya kutokuwa na pingamizi hutoka kwa serikali ya nchi ya mwombaji, kupitia ubalozi wake Washington. Yaani ni mahali pekee kwenye sheria yote ambapo nchi kama yetu inapewa sauti. Tunaitumia vipi? Ni taaluma gani tunaziachilia, zipi tunazizuia, kwa kigezo gani, nani anatia sahihi? Wabunge wanaopiga kelele kuhusu wataalamu kuhama wangeweza kuuliza hilo swali Jumanne alasiri na kupata jibu kwa maandishi.

Kwa wale watatu ama wanne walionitumia ujumbe wakiuliza kama wachukue ufadhili ama wauache: angalia fomu yako ya DS-2019 na ile viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, kwa kawaida zote mbili huandikwa kama umefungwa na kifungu hicho au la. Maofisa huko hukosea pia, kwa hivyo kuna utaratibu wa kuomba uamuzi rasmi kutoka wizara yao ya mambo ya nje. Jua kwamba kupata uraia wa nchi nyingine baadaye hakufuti hiyo miaka. Na weka stakabadhi za kuingia na kutoka, maana miaka miwili huhesabiwa kwa siku, si lazima zifuatane, na siku moja utaulizwa uzithibitishe.